Gesi ya AC haiishi jamani! Siku moja maishani mwangu, fundi AC hapa Unguja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nshaswali, nafungua simu nakuta meseji tele. Ndo mwezi wa pili huu, kaskazi imekaza, joto halipungui hata usiku, na kila mwenye AC iliyokuwa ikisuasua tangu vuli anaikumbuka wiki hii hii. Meseji karibu zote zinasema maneno yale yale, "fundi njoo na gesi". Hawasemi njoo uiangalie, wanasema njoo na gesi. Mi nawajibu wote sawa, ntakuja na mita kwanza, gesi tutaizungumza baadae.

Mama mmoja wa Mbweni kaandika AC mpya ya chumbani inapuliza moto, mtoto hajalala usiku kucha. Nikamwambia mama nipigie picha remoti. Picha ikaja, kialama cha jua kinaonekana wazi pale juu. Hizi AC za inverta, zenye kompresa inayobadilisha kasi yenyewe, zinazoingia siku hizi nyingi zina kazi mbili, ndani ya mtambo wa nje kuna valvu ya kugeuza, ikihama upande gesi inazunguka kinyume, ile koili ya ndani ambayo kawaida inapoza inakuwa ndo inayopasha chumba. Nchi za baridi watu wanapitisha majira ya theluji kwa mashine hii hii, huku kwetu ile kazi haina mwenyewe ila mtoto akichezea remoti ndo inawaka. Nikamwambia rudisha kialama cha theluji, kisha subiri dakika tano usibonyeze kitu, maana kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, haiwaki pale pale, inangoja presha ya pande mbili itulie. Kabla jua halijapanda kanijibu alhamdulillah baridi imerudi, fundi nikutumie shingapi. Hiyo sitozi.

Saa mbili asubuhi, Mji Mkongwe

Keri, kigari chetu cha kazi, tunaiacha Darajani, mi na kijana wangu tunabeba ngazi, mitungi na begi la vifaa mpaka gesti moja ndani ndani kwenye vichochoro. Kufanya kazi Mji Mkongwe kuna adabu yake. Mitambo ya nje huibandiki tu ukuta unaotazama mtaa, mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na kuna taratibu za hifadhi, kwa hiyo mingi iko juu ya paa au kwenye ua wa ndani, mabomba yanakuwa marefu, na kuta zenyewe za mawe ya matumbawe na chokaa ukizitoboa kwa pupa zinamwagika zote.

Chumba cha juu AC imeganda barafu na maji yanadondoka kitandani. Meneja, mtu wa makamo, ananiambia mwanangu hii gesi imeisha nnajua mimi, na fundi wa kwanza kasema hivo hivo. Nikamwambia ami tuangalie kwanza inshaallah. Barafu ina sababu kubwa mbili, ama gesi kweli imepungua ndo koili inashuka chini ya sifuri, ama hewa haipiti ya kutosha, koili inapoa lakini haina joto la kunyonya basi unyevu wote unagandia pale pale, na unyevu wa hapa kwetu mnaujua. Dalili kwa macho ni moja, dawa ni mbili tofauti kabisa, ndo maana mtu akitia gesi kwa kuona barafu tu mi moyo unaniuma.

Chujio lilikuwa safi, wanaliosha kila wiki, lakini nikamulika tochi ndani, lile gurudumu la feni mapengo yake yote yamejaa vumbi na nyuzi za mashuka, linazunguka halisukumi hewa. Tukaacha feni peke yake ichezeshe mpaka barafu ikayeyuka, tukafunga mfuko wa nailoni chini, tukapiga maji na sabuni ya koili, likatoka tope jeusi, na mfereji wa maji ulikuwa una utelezi ndani tukaupuliza. Baada ya hapo hewa inaingia nyuzi 28 inatoka 16, na ampea ziko karibu na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Geji, vile vipimo vya presha ya gesi, sikuzifunga kabisa. Kila ukifunga mipira ya geji kuna gesi kidogo inapotea, na kama joto na ampea zinakwambia mashine nzima, unafungua ya nini?

Ami kaniuliza sasa kwanini fundi wa kwanza alisema gesi. Nikamwambia sijui alichokiona, mi nakuonesha nlichokiona mimi, nikampa lile tope kwenye ndoo alitizame.

Saa tano, Fuoni

Hapa kwa mwalimu mstaafu, alisomesha skuli miaka mingi na mpaka leo anauliza maswali mpaka uyajibu sawa sawa. Shikamoo mwalimu, marahaba, hodi, nikasimama nje mpaka watu wa ndani wakajifunika nikapita. Tatizo lake mtambo wa nje unanguruma sekunde chache kisha unajizima, na keshaambiwa kompresa imekufa anunue mashine mpya.

Nikakata umeme kwenye swichi kuu, nikatoa chaji ya kapasita, kile kikopo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanzia, kwanza (vijana mnaojifunza, msiguse kapasita kabla ya hapo, inaweka umeme hata mashine imezimwa) halafu nikaipima. Imeandikwa maikrofaradi 35, mita inasoma 11. Hiyo haina nguvu ya kuianzisha kompresa, inabaki kunguruma pale pale, ampea zinapanda, kinga ya joto inakata. Nikapima na nyaya tatu za kompresa yenyewe, ile ya pamoja kwenda ya kuanzia, ile ya pamoja kwenda ya kukimbilia, kisha ya kuanzia kwenda ya kukimbilia, na kipimo cha tatu kikaja sawa na vile viwili vya kwanza ukivijumlisha, hakuna waya unaogusa bodi ya chuma. Nikamwambia mwalimu kompresa yako nzima. Kavaa miwani kataka nirudie mbele yake, nikarudia, kaandika kwenye daftari lake.

Kapasita mpya ikawaka saa hiyo hiyo. Kasheshe ni kwanini imekufa mapema, mtambo umekaa ukuta wa magharibi chini ya bati, jua la alasiri lote lake, hewa ya moto inayotoka inagonga bati inarudi tena kwenye koili. Tumekubaliana aondoe lile bati. Na gadi ya umeme, kile kifaa cha kinga kinachokaa kati ya soketi na mashine, hana. Sisi umeme wetu unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka Bara mpaka Fumba, wakubwa wanakumbuka ile hitilafu ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima giza, saivi mambo ni mengine kabisa tangu uwekwe waya mkubwa wa megawati 100 mwaka 2013, lakini umeme popote pale ukikatika ukarudi ghafla kompresa inataka kuwaka wakati presha bado iko juu upande mmoja. Gadi inaichelewesha dakika tatu nne. Kitu kidogo bei yake, kwa AC na kwa friji, mi kwangu simwachi mteja bila kumwambia.

Saa saba

Adhuhuri tumeswali Tunguu, tumekula wali na samaki wa nazi pale pale njiani, tukapita Jozani taratibu kwa ajili ya kima punju wanaokatisha barabara.

Saa nane, Paje

Hapa ndo kazi ya leo. Hoteli ndogo ya ufukweni, mitambo ya nje imepangwa mstari mmoja inatazama bahari, na kaskazi inapiga moja kwa moja inaleta chumvi. Meneja kijana wa Makunduchi, kaniambia fundi chumba hiki tunatia gesi kila baada ya miezi mitatu, tia tu twende. Nikamwambia ndugu yangu, kama unatia kila miezi mitatu basi wewe mwenyewe ushanambia ugonjwa. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi, inazunguka ndani ya bomba lililofungwa, leo kimiminika kesho mvuke, iliyotiwa kiwandani inatakiwa iwe ile ile mpaka mashine inatupwa. Ikipungua imetoka mahali, na kuongeza tu ni kujaza upepo tairi lenye pancha.

Mashine ni ya gesi aina ya R410A. Imezimwa, geji inasoma karibu psi 275 (psi ni kipimo cha presha), na hapo ndo wengi wanadanganyika wanasema gesi ipo ya kutosha, kumbe mashine ikiwa imezimwa ile presha inafuata joto la nje tu, madhali kuna tone la kimiminika ndani geji itasoma hivo hivo hata kama nusu imeshapotea. Tukaiwasha tukaisubiri, upande wa presha ndogo ukashuka mpaka 70 wakati ningetegemea 120 na kitu, na bomba jembamba likaanza kuvaa barafu. Sasa hapa ni gesi kweli.

Iliyobaki tukaivutia kwenye mtungi hatukuiachia hewani. Nasisitiza hili kwa vijana kwa sababu kilo moja ya R410A hewani inapasha dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka mia, na sisi ni watu wa kisiwa, bahari ikipanda haituulizi. R32, aina nyingine ya gesi ya AC, ni 675, nafuu zaidi ila inashika moto, huweki tochi ya kuchomelea kwenye bomba ambalo lina R32 ndani. Na zile za zamani za R22 ndo zinaondoka, nchi zetu mwisho ni 2030 kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal.

Tukajaza naitrojeni mpaka psi 400, tukapaka povu la sabuni kila kiungo, nati za ndani nzima, za nje nzima, halafu chini kabisa ya koili ya nje pale bomba linapokunja povu likaanza kujivimbisha taratibu. Mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya koili, ya upande ule ukiyagusa yanakuwa unga. Chumvi na unyevu kati ya alumini na kopa (shaba), vyuma viwili tofauti vimegusana, alumini inaliwa kwanza kisha kopa nayo inapata vishimo.

Tukakata kipande, tukachomelea kipya kwa fimbo ya fedha huku naitrojeni inapita pole pole ndani, bila hivo kunajengeka gamba jeusi ndani ya bomba likaenda kuziba mbele. Tukapima tena kwa naitrojeni, kimya. Pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya bomba, tukaiacha mpaka chini ya maikroni 500, tukaifunga tukakaa nusu saa kuangalia kama inapanda, haikupanda. Meneja anaangalia saa, wageni wanarudi jioni, anasema fundi si ungetia tu. Hii nusu saa siiachi hata mteja akinuna, unyevu ukibaki ndani unachanganyika na oili unakuwa asidi unakula kompresa mwaka ujao na atakayelaumiwa ni gesi tena. Halafu mtungi tukaupindua chini juu, R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili inatiwa ikiwa kimiminika, tukatia kwa mizani gramu zile zile za kwenye kibandiko, sio kwa kubahatisha na geji.

Nimemwambia ukweli, ile koili iliyobaki nayo imechoka, na mitambo mingine ya mstari ule inafuata. Waisuuze kila wiki kwa maji baridi safi, wasitumie ya kile kisima chao maana yana chumvi, na wakijaaliwa waihamishe nyuma ya jengo ambako upepo wa bahari hauipigi, wakinunua mpya wachague koili iliyopakwa rangi ya kinga.

Saa kumi na moja jioni, bado Paje

Kumbe kuna na mashine ya maji moto, tangi la lita 300 lenye pampu ya joto juu yake. Nazipenda hizi. Inanyonya joto la hewa ya nje inaliingiza kwenye maji, umeme inaokula uniti moja inakupa joto kama uniti tatu, na kwa hewa ya hapa ilivyo ya moto mwaka mzima haipati tabu hata kidogo. Wageni wanalalamika maji vuguvugu, mashine inajizima inaandika kosa la presha kubwa. Na hii nayo meneja kasema gesi! Presha kubwa maana yake joto halipati pa kwenda. Tukafungua tukaona njia ya maji imebanwa na chokaa, ile nyeupe mnayoiona ndani ya birika, maji ya pwani hii yanapita kwenye mawe ya chokaa ni magumu sana. Tukazungusha maji ya asidi ya limau kwa pampu ndogo zaidi ya saa nzima, yakatoka meupe mara ya kwanza na ya pili, ya tatu yakatoka safi, tukasuuza, tukawasha, haikujizima tena. Warudie kila mwaka na watafute chujio la kulainisha maji.

Saa tatu usiku, Amani

Kijana nimemshusha kwao. Nakunywa chai naandika daftari langu, mashine gani, tatizo nini, gesi iliyotolewa gramu ngapi iliyotiwa gramu ngapi, kwa sababu mtu akinipigia mwakani nataka nijue nilikuta nini. Mwalimu kapiga simu anauliza usiku aiweke ngapi, mjukuu anamwambia 16 ndo inapoza haraka. Nikamwambia mwalimu hiyo yako ya kawaida, si inverta, ukiiweka 16 au 24 kompresa inafanya kazi kwa nguvu ile ile, tofauti ni kwamba ya 16 haifiki inakesha inakula umeme, weka 24 na feni ya dari iwe inazunguka. Kasema subiri niandike. Nikasubiri.