Shilingi tano za wazee wa Mayo

Baba mkwe wangu kazaliwa Liverpool, kakulia Liverpool, lakini ukimwuliza kwao ni wapi atakwambia Mayo. Mayo ni jimbo la magharibi ya Ireland, na alikuwa hajawahi kulikanyaga. Alichorithi ni hadithi tu: babu wa baba yake alivuka bahari akiwa kijana katika miaka ya 1860, akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, asirudi tena. Jina la ukoo ni Walsh, na jina la kitongoji lilikuwa limeandikwa nyuma ya picha moja ya zamani. Basi.

Aliwahi kuwalipa watu wanaojitangaza kuwa mabingwa wa kutafuta nasaba. Walichukua pauni 300, wakamletea barua ya kurasa mbili: kumbukumbu zote za Ireland ziliungua Dublin mwaka 1922, kwa hiyo kabla ya sensa ya 1901 hakuna kinachoweza kupatikana. Mzee wa watu ana miaka karibu themanini. Niliona alivyoikunja ile barua akaitia mfukoni kama risiti ya dukani, nikamwambia, "Baba, twende mwenyewe ukaulize." Mume wangu hakupata ruhusa kazini, basi tukaenda wawili, mkwe na mke wa mwanawe. Watu walituangalia njia nzima, mie na baibui langu na yeye na kofia yake ya sufu.

Treni mpaka Holyhead, meli mpaka Dublin, na Dublin tukakutana na bei. Chumba kimoja kidogo, dirisha linatazama ukuta, zaidi ya yuro 200 kwa usiku mmoja, na tulihitaji viwili. Chai ya asubuhi haimo ndani, unailipia mbali. Nilipiga hesabu kwa shilingi ya Tanzania nikajuta kupiga.

Nyaraka za Taifa zipo mtaa wa Bishop. Pale hakuna kiingilio, nalisema hilo kwa shukurani. Tulikuta mama mmoja wa makamo akiwa zamu ya kuwasaidia wanaotafuta wazee wao. Baba akamkabidhi ile barua. Aliisoma yote, mpaka sahihi ya chini, halafu akaiweka mezani taratibu.

"Wamekuambia nusu," akasema.

Moto ulikuwepo. Juni 1922, siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza walikuwa wamejifungia ndani ya Four Courts, majengo ya mahakama kando ya mto Liffey, na hapo hapo ndipo palipokuwa na hazina ya nyaraka za nchi. Jeshi la serikali mpya likawapiga mizinga kuanzia tarehe 28. Tarehe 30 ukatokea mlipuko mkubwa, na karatasi za karne saba zikawaka. Vipande vilivyoungua vilipeperuka juu ya jiji. Humo zilikwenda karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851, wasia, na madaftari ya mamia ya parokia za Kanisa la Ireland.

"Na za 1861 na 1871?" Baba akauliza. Hizo ndizo alizokuwa akizitaka hasa.

"Hizo hazikuungua na vita. Serikali ya wakati ule iliamuru ziharibiwe baada ya hesabu kutolewa. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, karatasi zilipokuwa adimu."

Mie hapo ndipo niliposhtuka. Mzinga nauelewa. Watu wanapigana, jengo linawaka, hasara inapatikana. Lakini afisa aliyekaa kitini, amekula, amekunywa, kisha akatia sahihi majina ya nchi nzima yakasagwe, kila nyumba, kila mtoto, huyo sijamwelewa mpaka leo. Na waliokuja baadaye wakafunika kila kitu kwa moto wa 1922, kwa sababu moto haumshitaki mtu. Baba alikuwa kimya. Mkono wake ulikuwa umeikamata kofia.

Yule mama akamwuliza kama babu yake aliacha ndugu Ireland. Baba akasema hadithi inataja dada, mdogo wake, aliyebakia. Mama akatikisa kichwa kama aliyepata alichokuwa akikingoja, akatueleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia popote.

Mwaka 1908 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya pensheni ya wazee. Kuanzia Januari 1909, maskini aliyefika miaka 70 alipata hadi shilingi 5 kwa wiki. Ireland ilikuwa bado chini ya Uingereza, na wazee wake wakajitokeza kwa wingi. Lakini uandikishaji wa vizazi kwa watu wote ulianza 1864 tu, na mtu wa miaka 70 mwaka ule alizaliwa zamani ya hapo. Atathibitisha vipi? Wengine waliulizwa kama wanaukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa, dhoruba ya Januari 6, 1839 iliyong'oa mapaa Ireland nzima. Wengine walijaza fomu: jina langu, jina la baba, jina la mama na ukoo wake kabla ya kuolewa, kitongoji, parokia. Karani wa Dublin akishaipokea alikwenda kuzifunua sensa za 1841 na 1851, ambazo zilikuwa bado zipo, akaitafuta ile nyumba, na akaandika alichokikuta.

Sensa ziliungua. Fomu zimebaki.

Akageuza kompyuta yake, akaandika Walsh, Mayo, na kile kitongoji. Walsh wa Mayo ni wengi mno, ila kitongoji kilipunguza. Ikatokea fomu ya mwaka 1918, ya mwanamke aliyedai ana miaka 71. Wino wa juu ni wa mwombaji, au wa mtu aliyemjazia. Chini, kwa mwandiko mwingine wa haraka haraka, karani kaandika nyumba ya mwaka 1851: baba, mama, na watoto watatu pamoja na umri wao. Mwombaji alikuwa na miaka 3. Juu yake, mvulana wa miaka 6, mwenye jina lile lile ambalo Baba mwenyewe anaitwa.

Baba akasogeza kidole mpaka karibu na kioo, asikiguse. Akalisoma jina lile kwa sauti. Akalisoma la mama yao pia, na ukoo wake, ambao hakuna mtu Liverpool aliyewahi kuujua. Kisha akaomba maji.

Kilichoniuma ni kwamba fomu zile zimewekwa kwenye intaneti, bure. Wale wa pauni 300 walikuwa nazo vidoleni.

Ya Mayo nayaeleza kwa ufupi, kwani mvua haikutupa nafasi. Treni inakufikisha Westport kwa saa tatu na kidogo. Kuendelea upande wa Louisburgh tulikodi teksi, na nauli yake ningesafiria Unguja na Pemba kwa boti kwenda na kurudi, tena nikabakisha. Kitongoji chenyewe ni mteremko, kondoo, na kuta za mawe zisizo na mapaa. Mkulima mmoja mzee alitukuta getini. Hakuuliza Baba ni Walsh gani kwa jina la ukoo, maana wote ni Walsh. Alimwuliza, baba wa yule babu alikuwa nani, na baba yake? Huko watu hutambuana hivyo, jina la mtu, la baba, la babu, moja nyuma ya jingine. Baba, kwa mara ya kwanza katika umri wake, alikuwa na jibu.

Mkulima akatuonyesha mlimani. Chini ya majani, mistari sambamba imepanda mpaka juu kabisa. Ni matuta ya viazi ya kabla ya njaa kuu, ile iliyoanza 1845 baada ya viazi kuoza. Watu kama milioni moja walikufa. Mvulana wa ile fomu alizaliwa mwaka huo huo. Baba alipanda mpaka tuta la tatu na viatu vyake vya mjini, akasimama pale kwenye mvua, na mie nikamwacha.

Nilikuwa namfikiria bibi yangu wa Wete. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, bibi hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wazee wenzake walikaa na sheha wakahesabu: alikuwa anatambaa wakati wa vita vya Hitler, fulani ni mkubwa wake kwa msimu mmoja wa karafuu. Bibi alitajwa na baba yake, na babu yake, na shamba walilotoka. Je, sheha aliyaandika? Na kama aliyaandika, lile daftari liko kabatini kwa nani?

Usiku ule ule, kutoka Westport, nikampigia ami yangu nikamwambia nataka majina, nitayaandika mwenyewe. Akaanza kwa babu akapanda: huyu kazaliwa na huyu, huyu alitoka Micheweni. Alipofika la sita, shangazi akapaza sauti kutoka ukumbini, "Siye huyo! Huyo ni wa upande wa mama!" Wakabishana mpaka salio likaniishia. Hawajakubaliana hadi leo, na daftarini mwangu nimeyaandika majina yote mawili, na jina la aliyelitaja kila moja.