Jinsi chama chetu kilivyochagua mradi mmoja

Chama chetu hapa Kayole, Nairobi, kilikuwa na akiba ya kuanzisha mradi mmoja tu, na mawazo yalikuwa tele: tenti za kukodisha, viti vya kukodisha, kuosha magari, kuuza maji, kufuga kuku. Wenzangu waliniomba niongoze kikao cha kuchagua.

Tulianza kwa kimya. Katika vyama vingi mwenyekiti akishasema anapenda nini, vijana hunyamaza kwa heshima, na maoni ya mtu mmoja yanaandikwa kuwa ya wote. Kwa hiyo kila mtu aliandika mawazo yake kwenye karatasi, bila jina, tukayabandika ukutani.

Kabla ya kura tuliunganisha yanayofanana. Hatua hii naitetea kwa nguvu zote, maana mawazo mawili ya aina moja hugawana kura, halafu linashinda la tatu lenye watu wachache. Tenti na viti vikawa wazo moja. Mwenye harusi au matanga hukodi vyote pamoja.

Kila mwanachama alipewa punje tatu za maharagwe, akaenda peke yake kuzitia kwenye bahasha zilizo chini ya mawazo. Kura zikionekana, watu hufuata palipojaa. Yaliyoongoza yalikuwa tenti na viti, maji, na kuku.

Sikutangaza mshindi. Kura ile ilituonyesha tunachopenda, ikabaki kujua tunachoweza. Mweka hazina akataja bei. Mama mmoja muuza mboga, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, akauliza nani atalala na kuku na nani atafuatilia chanjo. Hakuna aliyejitokeza. Maji nayo yalidai bomba, kibali na mahali pa kudumu, nasi bado tunakutana nyumbani kwa wanachama.

Nilikuwa nimemwomba mwenyekiti azungumze wa mwisho, akakubali. Alipenda maji, lakini alilosema lilitusaidia sote: tenti hulala stoo katikati ya wiki, basi tusinunue nyingi kwa mpigo.

Ndipo tukapiga kura ya pili, kila mtu akiyapanga mawazo hayo matatu kwa mfuatano: chaguo la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Njia hii inaitwa kwa jina la Jean-Charles de Borda, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 18, nami naipenda kwa sababu huliongezea nguvu wazo ambalo karibu kila mtu anaweza kuishi nalo. Tenti na viti vikashinda. Tumeanza na tenti moja, na maji yameandikwa kwenye daftari, yajadiliwe tena tukipata kiwanja.