Siku Tulipoisingizia Stima

Mtu akisikia kwamba nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, palikuwa na tredimili, hucheka kwanza ndipo aulize. Mji wenyewe ni wa miguu. Mitaani hamna gari, na vichochoro vingine punda wawili wenye mizigo hawapishani. Sasa mashine ya kutembelea ndani ya nyumba ni ya nini?

Ni ya sukari. Daktari alimwambia mama atembee nusu saa kila siku, mwendo wa haraka, bila kusimama. Hapo kwenye kusimama ndipo palipokuwa na kazi. Mama alikuwa akitoka kuelekea msikiti wa Riyadha, hata Njia Kuu hajaimaliza keshakutana na mtu: habari za nyumbani, watoto hawajambo, na yule mgonjwa wenu aonaje? Lamu humpiti mtu mzima kwa kumpungia mkono. Akimalizana na huyu, wa pili yuko barazani anamsubiri. Adhuhuri anarudi amechoka mdomo, miguu haijafanya lolote. Dada yangu aliyeko Nairobi akaona isiwe taabu, akanunua tredimili ya kukunja, ya mkono wa pili, akaipakia kwenye basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara. Ikavuka kwa boti, na gatini ikapokewa na mahamali. Kuipandisha ghorofani kwa zile ngazi zetu za mawe ni kisa kingine, na baadhi ya maneno yaliyosemwa pale hayaandikiki.

Ikawekwa chumba cha juu. Vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, kwa sababu sakafu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali kabla haijataka ukuta. Tredimili ilienea kwa urefu kama iliyopimiwa. Mama akaizoea upesi: baada ya alasiri, buibui kando, redio dirishani, raba za mjukuu miguuni.

Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma kwa nguvu, mashine ikaanza kugoma. Ukiiwasha bila mtu, ukanda unazunguka bila tatizo. Mama akipanda, ukanda unasita chini ya mguu, unashtuka, unasita tena, halafu mashine nzima inazima na chumba kinanuka raba iliyochomeka. Kila aliyepita alikuwa na jawabu lilelile: stima. Stima inapanda na kushuka, inaua friji za watu, itaiacha tredimili? Shemeji akaleta stebilaiza yake, kile chombo cha kutuliza stima, kutoka nyumbani. Mashine ikagoma kwa stebilaiza kama ilivyogoma bila stebilaiza. Akaitwa fundi mmoja, akasema ukanda umelegea, akaukaza mpaka roli ya nyuma, ile silinda inayobeba ukanda, ikaanza kulia, akalipwa, akaenda zake. Baada ya hapo ilikuwa ikizima hata mapema zaidi.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Mombasa. Nikaenda ufukoni kumtafuta kijana anayetengeneza mashine za boti, maana kwa maoni yangu mtu anayeishi kwa kupambana na chumvi ndiye mtu wa kuaminiwa Lamu. Alikuja mikono bado ina grisi. Mama hakumruhusu kugusa kitu mpaka anawe.

"Kwa hiyo mama, ikiwa tupu yaenda?"

"Yaenda vizuri sana, mwanangu."

"Ukipanda wewe ndiyo yagoma?"

"Na mimi si mnene hivyo."

"La, si wewe. Wala si stima. Ingekuwa stima, ingegoma hata tupu."

Akachomoa waya ukutani, kisha akaketi sakafuni akanyamaza. Mama alidhani anaomba dua. Kumbe anasubiri kapasita, vile vipande vya bodi vinavyohifadhi umeme, ziishiwe. Bodi ya mashine hizi inaweza kukupiga hata plagi ikiwa mkononi mwako. Ndipo akafungua kifuniko cha mota. Ndani palikuwa na vumbi zito, utando wa buibui, na mjusi kafiri aliyekauka mkia juu, karibu kabisa na bodi. Ncha za waya zilikuwa zimeota kutu ya kijani ya hewa ya bahari. Alimtoa marehemu kwa koleo, akasafisha kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu, akasugua ncha moja moja mpaka shaba ikang'aa.

Lakini hapo, alisema, si penyewe. Akasimama pembeni akausukuma ukanda kwa unyayo. Ulipaswa kuteleza. Haukuteleza, ulijikokota. Akalegeza zile bolti mbili za nyuma, akainua ukingo wa ukanda, akapitisha kiganja chini yake juu ya ubao. Kilitoka cheupe.

Chokaa. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa, na hewa yenye unyevu wa chumvi huimenya polepole mwaka mzima. Unga wake ulikuwa ukiingia chini ya ukanda siku baada ya siku, na mafuta iliyokuja nayo mashine yalikwisha zamani, kwa hiyo baina ya ukanda na ubao palikuwa msasa mtupu. Ukanda mtupu mota inauvuta. Uzito wa mtu ukiugandamiza kwenye ubao mkavu, mota inavuta umeme mwingi kuliko inavyostahimili, na bodi inakata ili isiungue. Yule fundi wa kwanza kwa kukaza ukanda aliongeza mzigo juu ya mzigo, na beringi za roli ndizo zilizokuwa zikimlilia.

Shemeji, ambaye hakufurahia kuona stima inaachiliwa huru, akasema basi tupake mafuta ya nazi yaishe. Fundi akakataa. Ya nazi yanaganda na kushika vumbi, na ya petroli, hata yale ya kupuliza ya kulegeza kutu, yanaharibu ukanda. Kijitabu kilichokuja na mashine kilitaka silikoni tupu, kwa hiyo ikaagizwa Mombasa, ije kwa basi. Katika kusubiri tukafuta ubao kwa kitambaa kikavu, na fundi akaweka gololi ya mtoto sakafuni. Ikabingirika yenyewe hadi ukutani. Sakafu ya karne na karne haikumbuki usawa, akasema, ndiyo maana ukanda ulikuwa ukihama kushoto. Akazungusha miguu ya mashine mpaka ikakaa sawa.

Silikoni ilipofika kazi ilikuwa fupi. Akapaka kidogo upande huu na huu, katikati pale mguu unapokanyaga, kisha akakaza bolti mpaka ukanda ukainuka kwa vidole kiasi tu, si wa kubanwa. Akaiwasha polepole. Bado ulivuta kushoto kidogo. Akakaza bolti ya kushoto robo mzunguko, akangoja, ukarudi katikati. Robo tu, alinionya, kisha uache uzunguke kwanza kabla hujagusa tena. Wengi wanazungusha bolti kwa hasira.

Mama akapanda. Ukanda ukaenda.

Tukakubaliana silikoni ipakwe kila miezi 3, mapema zaidi wakati wa kusi, na mashine ifunikwe shuka ikiwa haitumiki. Chupa aliificha mama mwenyewe kabatini, na sijui ni nani aliyedhani angeiiba. Fundi alilipwa, akapewa na mikate ya mofa ya kwenda nayo. Jioni shemeji akaja kuchukua stebilaiza yake. Mama akamwambia haitoki, ameshachomeka friji.