Bloku ya 62 kwenye Honda ya baba mdogo

Baba mdogo alinikabidhi Honda CG125 yake ya enzi zile akiwa bwana shamba huko Rungwe, imelala stoo Tukuyu miaka na miaka mpaka kuku wanatagia kwenye siti, akaniambia mwanangu ifufue ila injini usihangaike nayo, ile haijawahi kufunguliwa. Nikaipakia kwenye Fuso ya ndizi mpaka kwa fundi Mwanjelwa, Mbeya mjini.

Sasa CG kwa wasioijua, Honda waliitoa 1976 makusudi kwa sisi ambao sevisi ni mpaka iharibike, haina taimingi cheni (cheni ya kuendesha vali), vali zinasukumwa na fimbo toka chini, ndo maana Wachina wakaikopi na bodaboda kibao unazoziona pale Kabwe injini zake zimetokana na hiyo hiyo. Raha yake spea zipo kila duka, ubaya wake unaweza kuta pikipiki ya Mjapani ndani imejaa Uchina na mwenyewe hana habari.

Tulianza kushtuka kwenye kabureta, ya asili ni Keihin na jina limechomoza kwenye bodi yake, hii ilikuwa tupu haina hata herufi. Fundi akafuta tope kwenye namba ya injini, CG125E ipo safi, akasema mdogo wangu kesi, yaani gamba la chini la injini, ni yenyewe, tucheki juu. Tukatoa hedi, kile kifuniko cha juu, nikaweka vernia ya kupimia kwenye tundu la bloku anamopanda na kushuka pistoni: milimita 62! Nikageuza nikapima upande mwingine nikidhani imelika, 62 vilevile. CG125 ya kiwandani ni 56.5, hata uichonge mpaka saizi ya mwisho haifiki huko. Mwendo wa pistoni ulikuwa ule ule 49.5, nikapiga hesabu ya ujazo kwenye simu ikaja cc 149, yaani hiyo ni bloku ya Mchina wa 150. Tulivyoivuta tukaona na mdomo wa kesi umetanuliwa, alama za tupa hizo hapo.

Nikapiga simu, shikamoo ba mdogo, hii injini kweli haijaguswa? Akafikiri weee, af akakumbuka alipohamishiwa Kyela ilikuwa inamshinda kupanda Tukuyu na mzigo, fundi mmoja kule akamwambia niachie nikuongezee nguvu. "Na ikawa inapanda kweli mwanangu, mi nilijua kaitengenezea kabureta tu."

Fundi wangu alitaka turudishie 56.5, mi nikakataa, kesi ikishatanuliwa imetanuliwa, shingo ya bloku ndogo itaelea tu mle, na yule bwana wa Kyela kazi yake ilidumu bana, anastahili heshima. Tukaweka pistoni mpya ya 62 na ringi zake, kabureta ndo nikaitafuta Keihin halisi. Af nikaandika karatasi, nikaifunga kwenye nailoni chini ya siti: kesi Honda, bloku na pistoni za 150, usinunue ringi za 125. Maana fundi ajaye atasoma CG125E pale ubavuni na moja kwa moja atatuma kijana dukani.