Nilimfokea mwenye duka, kumbe tatizo ni udongo

Msimu ule mahindi yangu yalifika magotini yakagoma. Majani ya chini yaligeuka zambarau kuanzia pembeni, kama yamemwagiwa wino. Na mbolea nilikuwa nimeweka! DAP, kizibo cha soda kila shimo, sikubania. Basi nikabeba mfuko mtupu hadi dukani Vwawa, nikamwambia yule kijana mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia mchanga.

Bwana shamba alipokuja aliyatazama mara moja tu. "Mzee, udongo umeupima lini?"

Nikacheka. Shamba la marehemu baba, nalilima tangu 2009, nilipime la nini?

Tukalitembea kwa kupindapinda, ndoo mkononi, sehemu kumi na tano. Kila mahali tunachimba kama sentimita 20 na kukata kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini. Nilipoinama kuchimba penye jalala la zamani la mama, alipokuwa akimwaga majivu ya jikoni, akanizuia: "Hapo acha, patatudanganya." Mahindi ya pale yalikuwa yamenipita urefu, kijani kimeiva. Miaka yote nayapita, nasema ni takataka tu zimeoza. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Tukachanganya ule udongo, tukauanika kivulini, tukapeleka kiasi cha kilo moja kwenye maabara ya udongo Uyole. Ukarudi na pH 4.8, yaani kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi. Mahindi yanapenda kuanzia 5.5 kwenda juu. Udongo ukichachuka hivyo, aluminiamu inalegea humo ndani, inadumaza mizizi na kuishika fosforasi, chakula cha mmea kilichomo kwenye DAP; mmea ukiikosa ndiyo hugeuka zambarau. DAP ipo ardhini, mmea hauipati. Kilichoniuma zaidi: DAP na Urea zenyewe, zikiwekwa mwaka hadi mwaka, huongeza uchachu. Nilikuwa nanunua ugonjwa na dawa kwenye mfuko mmoja.

Pesa ya eka nzima sikuwa nayo. Nikachukua nusu eka, nikanunua mifuko minane ya kilo 50 ya chokaa ya kilimo (unga wa mawe unaopunguza uchachu, kama yalivyofanya majivu ya mama; siyo ile ya kupaka nyumba), nikaimwaga Septemba na kuifukia kwa jembe. Kazi hiyo vaa kitambaa puani. Mimi nilikohoa siku mbili. Samadi niliiweka baadaye kabisa, karibu na kupanda, maana samadi mbichi ikikutana na chokaa naitrojeni inapotea hewani. Ndivyo inavyopotea pia Urea ukiirusha juu ya udongo ukaiacha. Siku hizi nafukia, hata kama vibarua wananuna.

Wewe usinakili mifuko yangu minane. Udongo wako una kipimo chake, na chokaa ikizidi nayo inaleta njaa ya zinki.

Mwezi wa pili mpaka ulionekana hata ukiwa barabarani: huku kijani, huku zambarau, mstari umenyooka kama wa fundi. Nusu eka ya chokaa ilinipa magunia saba. Nusu ya pili, matatu na debe.

Dukani nilirudi Novemba. Yule kijana akanipimia, akanirudishia chenji, kisha akauliza taratibu: "Mzee, leo hutaki kuonja kwanza kama ni mchanga?"