Vitabu nilivyomsomea mjomba

Presha ya macho ilipommalizia mjomba wangu uwezo wa kuona, siku tuliyorudi kutoka hospitali aliniuliza swali moja tu: "Sasa gazeti nitasomewa na nani?" Tunaishi pamoja Chikongola, hapa Mtwara mjini. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho, na tangu nitoke shule nilikuwa sijamaliza kitabu hata kimoja. Nikamsomea magazeti wiki mbili, tukachoka wote. Ndipo nikaenda maktaba ya mkoa.

Utaratibu wetu ni kurasa 20 kila siku baada ya isha, barazani, taa ya sola imening'inizwa kwenye msumari. Korosho zikianza kumiminika, Oktoba kwenda Desemba, naweza kurudi usiku na vumbi la magunia kooni, basi tunasoma kurasa 5, lakini siku haipiti bure. Sharti letu ni moja: kitabu kikituchosha jioni tatu mfululizo, kinarudishwa. Sharti hilo lilinifungua. Shuleni nilizoea kwamba kitabu ukikianza lazima ukimalize, hivyo nikaviogopa vyote.

Tulianza na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, na Bwana Msa na kiko chake anaanza kuchunguza. Fumbo lenyewe kwangu halikuwa zito sana. Kilichotushika ni mazungumzo. Wazee wa Unguja wanavyojibizana mle ndani, unasoma kwa sauti na mdomo wenyewe unapata raha. Hapo nikagundua kwamba kusoma kwa sauti kunakianika kitabu. Sentensi ambayo jicho lingeiruka, ulimi unajikwaa nayo.

*Kusadikika* cha Shaaban Robert hakina sentensi ya namna hiyo hata moja. Kila neno limepimwa. Hata hivyo nilichoka, kwa sababu wajumbe ni sita, na kila mmoja akienda kuitafutia nchi yake kheri, akirudi anatiwa gerezani. Kufika wa nne nilishajua kitakachompata. Nikamwambia mjomba. Akanijibu, "Ndivyo wanavyofanya, mwanangu. Wa nne naye wanamfunga vile vile. Soma." Bado naona hotuba za Karama, mshtakiwa anayezisimulia habari za wajumbe hao, zingepunguzwa, ila tangu siku ile sisemi tena kwamba marudio yale ni kasoro.

*Nagona* cha Euphrase Kezilahabi tulikirudisha. Ni kitabu chembamba, lakini mtu anayesikiliza tu hana pa kushika. Nadhani kinataka mtu peke yake na kalamu mkononi, nami nitakirudia hivyo. *Rosa Mistika* yake ya mwaka 1971 sikumsomea mjomba kabisa. Mambo mengine mpwa wa kike hayatamki mbele ya mjomba wake. Nilikisoma chumbani, usiku mbili, na kiliniuma. Zakaria anamchunga binti yake kwa kipigo, na hakuna siku anakaa naye akazungumza naye. Nawajua akina baba wa hivyo, na mabinti zao nimesoma nao.

Jioni zetu nzuri kuliko zote zilikuwa za *Kinjeketile*. Ebrahim Hussein amezaliwa Kilwa, hapo jirani zetu mkoa wa Lindi, na vita vya Majimaji vilianzia huko huko milima ya Matumbi mwaka 1905. Kwa kuwa ni tamthilia, mjomba kila mara aliuliza, "Huyu anayesema ni nani?" Nikaita watoto wa jirani wawili. Mmoja akawa askari, mwingine akachukua sauti za wanawake, tukasoma huku tunamenya ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye sinia. Uzito wa kitabu kile uko kwa Kinjeketile mwenyewe: ameyatoa maji ya kuwakinga watu na risasi, watu wameungana kwa ajili ya maji yale, kisha yeye anaanza kuyatilia shaka na hana tena njia ya kuwarudisha. Mwishoni anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, anakataa. Mtoto aliyekuwa askari akauliza, "Kwa nini asiseme tu, apone?"

Mjomba hakumjibu. Alipapasa sinia, akaokota ng'oko mmoja, akausikilizia kwa vidole. Akasema bibi yake alimsimulia kwamba vita vilipoisha, mashamba yamechomwa, watu waliingia porini na kula hivi hivi, bila chumvi, msimu hadi msimu. Nimeishi naye miaka yote hiyo na sikuwahi kulisikia hilo.

Kitabu cha Mzee Mkapa cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2019, kimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimya aya moja, halafu namweleza kwa Kiswahili. Utoto wa Lupaso, kule Masasi, mjomba aliutaka mara mbili. Sura za uchumi zilitushinda kasi. Nilimheshimu zaidi pale anapoyataja mauaji ya Zanzibar ya Januari 2001 kama doa katika urais wake.

*Kuli* cha Adam Shafi nilijua atakipenda, kwa sababu ujanani alibeba mizigo bandari ya Mtwara. Habari ni za Unguja na mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Katikati ya ukurasa akanisimamisha, akaomba gunia tupu. Akalikunja, kona moja akaisukumia ndani ya nyingine mpaka likawa kama kofia refu, akalivaa kichwani, lililobaki likamwangukia mgongoni. "Hivi. Bila hivi korosho inakuchuna shingo." Alilivaa mpaka nikamaliza sura. Kwa upande wangu naona Adam Shafi wakati mwingine anamwachia mhusika atoe hotuba pale ambapo gunia lenyewe lingetosha kusema.

Sasa tuko kwenye *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili ambacho hakinihangaishi ulimi. Yusuf anaondoka nyumbani kwa treni na tajiri Aziz, ambaye Yusuf anadhani ni ndugu yao. Kumbe amewekwa rehani kwa deni. Nilipofika hapo mjomba alinyoosha mkono, nikanyamaza.

"Baba yake alijua?"

"Alijua."

Akakaa. Taa ilikuwa imeanza kufifia. Kisha akasema, taratibu, kwamba kwetu zamani mwenye kauli juu ya mtoto hakuwa baba, alikuwa mjomba. Na ikija njaa, kauli hiyo ilikuwa hata ya kumtoa.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Akaniuliza zimebaki kurasa ngapi za leo. Nikamwambia nne, nikazisoma.