Dola 55 kwa mtu wa kwetu

Nilimfuata kwa sababu ni mtu wa kwetu. Katika maduka yote ya pembejeo ya Lubumbashi, lake ndilo nililosikia Kiswahili cha Mbeya mlangoni, nikaingia na jani la nyanya lililogeuka manjano mkononi. Hakulitazama. "Weka urea," akasema, dola 55 kwa mfuko wa kilo 50. Mnaochukua ya ruzuku huko Mbozi, pigeni hesabu wenyewe. Tena noti yangu ya dola kumi akairudisha kwa mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto. Wewe unayejiandaa kuja, toka Tunduma na noti safi zisizochanika, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, usije ukasumbuliwa mpakani Kasumbalesa.

Nikaweka urea. Siku kumi baadaye majani ya chini yalizidi kuwa manjano, na nyanya za kwanza zikaoza kitako, doa jeusi lililobonyea, gumu kama ngozi ya kiatu. Niliumia sana. Miche 400 nimeibebea maji kwa ndoo tangu Mei.

Jirani yangu hapa Ruashi, mama anayelima lengalenga, yaani mchicha, ng'ambo ya mfereji, akavuka bila kuitwa. Akachuma jani, akalinyoosha juani.

"Papa, angalia mishipa. Iko kijani bado. Katikati njo manjano. Hii haiko njaa ya urea."

Ni kweli. Njaa ya naitrojeni, chakula kilichomo kwenye urea, hufubaza jani zima, mishipa na yote. Hii ilikuwa magnesiamu: nayo huanzia majani ya chini, maana mmea huihamishia kwenye machanga, lakini mishipa hubaki kijani. Manjano ya namna hiyo ikianzia majani ya juu, shuku madini ya chuma. Kitako kuoza ni kalisi isiyofika kwenye tunda, na mimi nilikuwa namwagilia leo, kesho naruka. Udongo huu mwekundu ni mchachu, madini hayo mawili ni haba, halafu amoniamu ya urea huyabania njia mizizini.

Akanituma duka la dawa kununua chumvi ya Epsom. Gramu 20 kwa lita moja ya maji, napulizia majani jioni, mara moja kwa wiki. Maji sasa ni kila siku. Chokaa ya dolomiti, yenye kalisi na magnesiamu pamoja, nitaichanganya na udongo kabla ya kupanda tena, kwa kuwa hufanya kazi polepole.

Nilimpa faranga, akazikataa. Na huko nyumbani tunavyowasema Wakongo!

Majani ya zamani hayakurudi kijani, ila yanayochipua ni safi. Urea iliyobaki nimeivusha mfereji leo asubuhi. Lengalenga huvunwa majani, naitrojeni ndiyo chakula chake. Hiyo aliipokea kwa mikono miwili.